Fomu ya Kumi na Tatu

"Wanaondoka kumi na wawili, wanarudi kumi na wawili, lakini si wale wale."

Maneno hayo niliyasikia asubuhi kwenye foleni ya maji, mchana kwa muuza mkaa, na jioni kwa mteja aliyekuja kupimwa gauni. Watu watatu wasiosalimiana, jambo moja, siku moja. Mimi lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nikishona nalisikia. Nikisimamisha cherehani ndiyo nalisikia zaidi. Kwa sababu kati ya hao kumi na wawili mmoja alikuwa wangu, binti yangu wa mwisho, ambaye kwa ajili ya mdomo wake mtaa mzima tunamwita Chiriku.

Nawaandikia wazazi wenzangu ambao watoto wao wamo kwenye orodha ya safari kama ile. Elimu yangu ni ya msingi na kazi yangu ni ushonaji, kwa hiyo nitaeleza kama ninavyompima mtu: naanza begani, nashuka.

Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo ya ndoa, Mwenyekiti wa Baraza la Wazee wa kanisa letu alisimama, akavaa miwani, akatangaza rasmi safari tuliyokuwa tukiinong'ona: kwamba Mungu akipenda na nyaraka zikikamilika, vijana kumi na wawili wa kwaya wamealikwa na kanisa rafiki la ng'ambo kwa wiki tatu, katika "programu shirikishi ya kubadilishana imani, utamaduni na uzoefu." Tulipiga vigelegele mpaka watoto wachanga wakaamka.

"Hata hivyo," akasema.

Mwenyekiti wetu akisema "hata hivyo," mwenye akili anatafuta pa kukaa.

"Hata hivyo, Baraza limepokea taarifa nyeti kutoka vyanzo mbalimbali kwamba vijana wanaokwenda safari za namna hii hawarudi wenyewe. Wanaorudi ni wengine. Baraza halijathibitisha. Lakini Baraza haliwezi kukaa likingoja uthibitisho wakati vijana wanaisha."

Nilishusha pumzi. Kumbe sikuwa na wazimu. Neno likiwa kwenye foleni ya maji ni umbea. Likipita kwenye kipaza sauti cha kanisa ni taarifa.

Siku hiyohiyo ikaundwa Kamati ya Kulinda Uhalisi wa Vijana Wasafiri. Mwenyekiti wa Baraza akawa Mwenyekiti wa Kamati, baada ya kujipendekeza mwenyewe na kujiunga mkono mwenyewe. Katibu akawa karani mstaafu wa mahakama, mtu anayetembea na muhuri mfukoni kama wengine tunavyotembea na leso. Makamu akawa Mwalimu wa Kwaya, mwanamke wa sauti ndogo ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akikataa kitu. Mimi nikateuliwa Mjumbe Mwalikwa Asiye na Kura, Anayeshughulikia Sare, Chai na Utunzaji wa Fomu. Nilijisikia vizuri sana. Nilishona hata kitambaa cha kufunikia faili.

Azimio la kwanza lilihusu kiongozi wa msafara. Nafasi ilikuwa moja, na sisi kwa ujinga wetu tulidhani ni ya Mwalimu wa Kwaya, kwa kuwa wanaokwenda ni kwaya. Mwenyekiti akatuelewesha taratibu kwamba kulingana na kiwango cha tishio, mtu wa kuimba hawezi kuzuia watu wasibadilishwe. Anahitajika mtu mwenye uzoefu wa kutoa na kupokea. Yeye alikuwa mkuu wa stoo kwa miaka thelathini.

"Stoo yangu haikupoteza hata msumari," alisema. "Kinachotoka kinaandikwa. Kinachorudi kinalinganishwa na kilichoandikwa. Kisipolingana, kinarudishwa kwa aliyekileta. Ni hivyo tu, jamani. Sielewi kwa nini watoto wa watu wapewe ulinzi mdogo kuliko misumari."

Hoja hiyo haikuwa na pa kuishika. Mwalimu wa Kwaya akasema, "Sawa, baba," akakunja karatasi zake za nyimbo.

Azimio la pili lilikuwa Fomu ya Utambulisho wa Msafiri Anayetoka. Ilikuwa na mistari kumi. Kila msafiri aandikiwe sifa zake kumi na mtu wa nyumbani kwake anayemjua. Atakaporudi, atasomewa. Zikilingana saba, ni yeye, aende nyumbani. Zisipofika saba, si yeye.

Sasa hapa ndipo palipoharibika, na nawaomba msome polepole.

Mwenyekiti huyohuyo ndiye anayeandika barua za utambulisho. Kijana akitaka kazi, barua yake. Akitaka chuo, barua yake. Chiriku wangu alikuwa amepata nafasi chuo cha ualimu, aripoti Jumatatu baada ya safari saa mbili asubuhi akiwa na barua hiyo mkononi, la sivyo nafasi inakwenda kwa wa orodha ya akiba. Nikajiuliza: fomu hii atakayeisoma ni nani? Mwenyekiti. Nikaweka mkasi chini, nikachukua kalamu.

Niliandika: Mkimya. Huamka kabla ya jua. Huosha vyombo bila kuambiwa. Mpole. Hapendi simu. Hajibizani na wakubwa. Nilipofika namba ya tisa sifa zikaniishia, nikaandika "Mpole" kwa mara ya pili. Namba ya kumi nikaandika, "Na mengineyo mema."

Usinicheke. Jirani yangu Mama Mkate, anayeoka mikate ya mtaa mzima, ana kijana anaitwa Bonge, na huhitaji kuambiwa kwa nini. Kwenye fomu ya Bonge aliandika, "Hula kidogo, kwa adabu." Nilizikusanya mimi mwenyewe. Kwa fomu zile, kanisa letu lilikuwa linapeleka ng'ambo malaika kumi na wawili, mmoja akiwa na kilo mia moja na kumi.

Katibu akazipiga muhuri zote. Nilizihesabu: kumi na tatu. Nikazifunika na kitambaa changu.

Wakaondoka.

Kwa wiki tatu sikushona kitu kilichonyooka. Gauni la bibi harusi nililiwekea mkono mmoja mrefu. Kila ujumbe wa Chiriku ukiingia kwenye simu niliusoma mara nne, nikitafuta mahali ambapo si yeye. "Mama, hapa hapana giza, jua linazama watu wameshalala." "Mama, jana tuliimba kwenye nyumba ya wazee, bibi mmoja akanishika mkono hakuuachia mpaka chakula kikaisha." "Mama, mwenyeji wetu alituonyesha mlango unavyofunguka, tukamshukuru, akatuonyesha na bomba, tukamshukuru tena. Nadhani na wao wana kamati." Nilisoma nikasema, huyu anaandika kama wangu, lakini kuandika kunaigwa.

Walirudi Alhamisi asubuhi. Basi la kukodi halikupita mitaani. Lilikwenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa watoto wa Shule ya Jumapili, pale penye viti vya urefu wa goti. Vijana wakashushwa, wakaketishwa kwenye viti hivyo, magoti yakiwagusa kidevu. Mlango haukufungwa kwa ufunguo. Ulifungwa kwa azimio.

Mwenyekiti alivua koti la safari, akavaa la vikao, akakaa mezani katika chumba cha pembeni.

Nikathubutu. "Samahani, Mwenyekiti. Si ulikuwa nao muda wote? Si unajua kama ni wao?"

Alinitazama kwa huruma. "Mama, nilikuwa nao kama msimamizi. Hapa nipo kama mwenyekiti. Msimamizi bado hajaleta ripoti."

Mchana nikawapelekea chai dirishani. Chiriku akaja. Amevaa sare niliyomshonea, nywele amesuka upya, uso uleule. Nikampa chupa ya chai. Akaipokea kwa mikono miwili, akaniangalia, akasema:

"Mama, umechoka?"

Miaka kumi na tisa nimemzaa, nimemlea, nimeugua mbele yake, sijawahi kuulizwa swali hilo.

"Ngoja," akasema, akapitisha kiti kidogo dirishani. "Kaa, mama. Mimi nitamimina."

Nilimkimbilia Mama Mkate, alikuwa dirisha la pili. "Mwenzangu, huyu si wangu."

Na yeye amejishika kifua. "Shoga yangu, Bonge kaniuliza kama nimekula."

"Bonge?"

"Bonge! Halafu akanipa nusu ya mkate. Nusu! Mkate niliomletea mwenyewe!"

"Wamebadilishwa."

"Wamebadilishwa, na hawa wa sasa ni wazuri zaidi. Hapo ndipo ninapoogopa."

Ijumaa uhakiki ukaanza. Mimi nagawa chai. Bonge aliitwa wa kwanza, akapata moja kati ya kumi: "Ana heshima," kwa kuwa alijibu "ndiyo, mzee" kila alipoulizwa kama fomu inakosea. Kwa nini wasijitetee? Kwa sababu siku ya kuondoka Mchungaji aliwaasa kwamba mbele ya mtu mwenye fomu waseme kweli tupu. Aliwaza maofisa wa uwanja wa ndege. Hakuwaza sisi.

Kisha akaitwa Chiriku. Katibu akasoma kwa ile sauti yake ya mahakamani.

"Pointi ya kwanza. Mkimya."

"Nani?"

"Wewe."

Chiriku akaangua kicheko. "Mzee, mimi? Mimi hata kwenye ndege waliniomba nipumzike! Nani kasema mimi mkimya?"

"Mama yako mzazi."

Akageuka. "Mama!"

Nikamimina chai nje ya kikombe.

"Hailingani," Mwenyekiti akasema. Katibu akaandika.

"Huamka kabla ya jua."

"Jua lipi, mzee? La kule au la hapa? La kule hata wewe mwenyewe hukuli..."

"Hailingani."

"Hapendi simu."

"Kwani nani hapendi simu?"

"Hajibizani na wakubwa."

"Sijibizani, mzee, naeleza tu kwamba..."

"Hailingani."

Alipata mbili. Mpole, na mpole. Alipokuwa anatoka alishika kikombe cha Mwenyekiti kilichokuwa kitupu akaenda nacho kukiosha, bila kuambiwa, lakini pointi ya vyombo ilikuwa imeshapita na kanuni hazirudi nyuma.

Jioni hiyo hesabu ilikuwa hivi: waliohakikiwa, hakuna. Kamati ikapitisha barua kwa kanisa rafiki. Niliishika mimi, kwa hiyo nainukuu: "Tumepokea vijana wenu kumi na wawili wakiwa na afya njema. Kwa bahati mbaya si wale tuliowatuma. Tunawarejesha Jumatatu. Tafadhali tutumieni wa kwetu kwa ndege itakayofuata." Chini yake, saini ya Mwenyekiti. Barua za utambulisho za vijana wote zikasimamishwa, kwa kuwa huwezi kumtambulisha mtu usiyemtambua. Chuo kinafungua Jumatatu, na Jumatatu binti yangu anarudishwa kama msumari usiolingana.

Na mimi, niseme kweli, nusu yangu ilikuwa upande wa Kamati. Nusu ilisema, kama ni yeye, kwa nini kaniuliza kama nimechoka?

Jumamosi asubuhi nikarudi dirishani na chai. Chiriku alikuwa amekaa kwenye kiti chake kidogo, amenyoosha miguu, anawasimulia wenzake jambo, mikono inaruka. Upindo wa sketi yake ulikuwa umefumuka huko safarini na umeshonwa tena. Mimi ni fundi. Jicho langu linaangalia pindo kabla ya sura. Nikauangalia ule mshono.

Tangu ana miaka tisa namfundisha kupinda. Anashika sindano kwa mkono wa kushoto, anavuta uzi kwa hasira, mishono mitatu inakwenda juu kama inapanda ngazi, wa nne unaanguka. Nimemgombeza, nimemshika mkono, nimekata tamaa. Mshono ule hauigiki. Ukimpa fundi yeyote duniani aushone hivyo makusudi, atashindwa, utanyooka.

Nikamwita dirishani, nikaukumbatia ule upindo, nalia.

"Mama, vipi?"

"Umeshona vibaya, mwanangu. Umeshona vibaya sana."

"Ndiyo kwanza umeona? Nilikuwa naficha."

Basi, nikajua kosa liko wapi. Mtoto alikuwa halisi. Fomu ndiyo iliyobadilishwa, na aliyeibadilisha ni mimi, kwa kalamu ya bluu.

Niliingia kikaoni sina hata chai mkononi. Nikasimama mbele ya Kamati nikasema, "Ndugu wajumbe, nilidanganya. Mwanangu si mkimya. Hajawahi kuwa mkimya hata tumboni. Anaamka akichoka kulala. Anajibizana na mimi, na baba yake, na redio. Naomba fomu yangu niirekebishe."

Mama Mkate, aliyekuwa mlangoni na wazazi wengine, akasema, "Na mimi!" Kisha ukapita mngurumo wa "na mimi" mpaka uani.

Katibu alisikitika. "Mama, fomu ikishapigwa muhuri haikosei. Anayekosea ni mtoto."

"Tena," akasema Mwenyekiti, "mzazi anayesema kwamba alisema uongo, tutajuaje kwamba sasa hivi hasemi uongo? Na wewe mwenyewe umehakikiwa na nani?"

Ilinibidi nijibu kwa kazi yangu, utunzaji wa fomu.

"Mwenyekiti," nikasema, "mimi ndiye niliyezihesabu. Zilikuwa kumi na tatu."

"Ndiyo. Na?"

"Vijana ni kumi na wawili. Kanuni inasema kila msafiri."

Katibu akafungua mwongozo, akasoma kwa kidole. "Ni kweli. Kila msafiri, bila kujali cheo. Uliiandika wewe, Mwenyekiti."

Mwenyekiti hakutikisika. Akatabasamu, akavuta kiti. "Vizuri sana. Leteni fomu yangu, na aitwe aliyeijaza. Wazazi hawa waone fomu iliyojazwa na watu makini inavyolingana."

Aliyeijaza ni mke wake. Ni muuguzi, anapokea wagonjwa. Alifika akiwa na sare yake ya kazi, saa imebanwa kifuani, akasimama kama mtu mwenye foleni inayomngoja. Sasa nyinyi mfikirie: huyu mama anajaza fomu mia kwa siku. Kwake fomu si mahali pa kusifu. Ukimwandikia mgonjwa presha ya uongo, mgonjwa anakufa. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba hii ilikuwa ya namna nyingine, na aliileta imekunjwa, kwa hiyo hata mimi sikuisoma.

Katibu akasoma. "Pointi ya kwanza. Husema ana kilo themanini. Ana tisini na nane na nusu."

Nje mtu alikohoa.

"Hailingani," Mwenyekiti akasema haraka.

"Pointi ya pili. Hulala wakati wa mahubiri. Akiguswa, husema alikuwa anatafakari."

Kwenye dirisha linalotutenga na ukumbi zikaonekana nyuso za vijana, kumi na mbili. Baadaye ndipo nilipoelezwa: kule ng'ambo alilala ibada zote sita, wenyeji wakadhani mzee anawaombea, wakaanza kuimba kwa sauti ya chini ili wasimkatize. Vijana hawakumsema hata mara moja. Hata siku hiyo hawakusema. Walitazama tu dari.

"Hailingani!"

"Pointi ya tatu. Hajawahi kuosha kikombe."

"Hailingani! Mama, umeandika nini wewe?"

"Nimeandika ulichonipa niandike," mke wake akasema. "Mistari ilikuwa kumi. Nilihitaji ishirini."

Katibu akainua kalamu. Alikuwa ametoka jasho. "Mwenyekiti, kwa taarifa tu. Tatu hazijalingana. Zimebaki saba. Zote saba zinahitajika. Moja tu ikikataa..."

"Ikikataa nini?"

"Basi si wewe. Kwa mujibu wa kanuni, utarejeshwa Jumatatu pamoja na hawa. Barua iko tayari, ni kubadilisha idadi tu."

Niliona Mwenyekiti akilitazama shimo lile alilolichimba kwa vipimo sahihi kabisa.

"Pointi ya nne. Huogopa mjusi."

"...Inalingana."

"Ya tano. Miwani yake ni kioo cha kawaida. Huvaa kwenye vikao."

Akaivua, akaikunja. "Inalingana."

"Ya sita. Katika wimbo wowote hujua ubeti wa kwanza. Nyingine hufungua mdomo tu."

Mwalimu wa Kwaya alisema taratibu, "Hilo nilikuwa najua, baba." 

"Inalingana."

"Ya saba. Kumbukumbu za kikao huandika kabla ya kikao."

Katibu mwenyewe alisita hapo. "Inalingana," akajijibia.

"Ya nane. Tangu tufunge ndoa hajawahi kusema samahani."

"Samahani, sikusikia."

Mke wake akashika mdomo. Katibu akaweka kalamu kwenye karatasi. "Amesema mbele ya mashahidi. Niandike hailingani?"

"Nafuta!" Mwenyekiti akaruka. "Naifuta samahani! Haikuwa rasmi! Sijawahi kusema na sitasema! Inalingana!"

"Imefutwa," Katibu akaandika.

"Ya tisa. Barua ya mwaliko aliifungua yeye nyumbani. Ilimtaja Mwalimu wa Kwaya kuwa kiongozi wa msafara."

Hapo hakuna aliyecheka. Mwalimu wa Kwaya alikuwa anaangalia mikono yake.

"Inalingana," Mwenyekiti akasema, sauti imeshuka mpaka kwenye viatu.

Katibu akasoma ya mwisho kimoyomoyo kwanza. "Ya kumi. Hutunga maneno, akayapeleka kwa watu watatu, kisha akauliza nani kayasema. Kwa mfano, haya ya vijana kubadilishwa aliyatunga mezani kwetu Jumanne, anakula, akitafuta sababu ya kwenda yeye."

Nikaona foleni ya maji, ambayo bomba lake liko uani kwake. Nikaona muuza mkaa, ambaye ni mpangaji wake. Nikaona yule mteja wa gauni, ambaye ni shemeji yake. Mwiba niliokaa nao wiki nne kooni ulitoka kwenye sahani ya mtu mmoja.

Alikuwa na njia mbili. Akatae, awe si yeye, apande ndege. Au akubali, awe yeye. Alimtazama Katibu, akamtazama mke wake, akautazama mlango uliofungwa kwa azimio lake.

"Inalingana."

Muhuri ukagonga. AMEHAKIKIWA. NI YEYE MWENYEWE.

Kanuni ya kumi na mbili, ambayo pia aliiandika yeye, inasema aliyehakikiwa aende nyumbani mara moja na asishiriki kikao chochote kwa muda wa miezi sita, ili azoee mazingira. Mke wake akamshika kiwiko kama anavyowashika wagonjwa. "Twende, baba. Vikombe vipo." Mpaka leo miezi hiyo haijaisha, na Jumapili anakaa benchi la nyuma, macho wazi.

Mwalimu wa Kwaya, akiwa Makamu, akakaa kwenye kiti. Kwa ile sauti yake ndogo akasema, "Wapeni wazazi fomu mpya. Waandike kama yule mama muuguzi alivyoandika." Tukaziandika palepale, wengine magotini, wengine migongoni mwa wenzao. Kisha jamani, mngetusikia.

"Wangu mvivu wa vyombo!"

"Ni kweli, mama!"

"Wangu anakula usingizini!"

"Inalingana!" Bonge akaitikia kutoka uani, mdomo umejaa.

Kila mzazi alitangaza kasoro za mwanawe kama anataja mahari, na kila mtoto aliitikia kwa furaha. Kwa saa moja wote kumi na wawili walikuwa wamepata kumi kwa kumi. Katibu aligonga muhuri mpaka wino ukaisha, akamalizia kwa kidole gumba. Barua za utambulisho zikasainiwa na Makamu. Jumatatu saa mbili kasoro robo Chiriku alikuwa chuoni, na nasikia saa mbili na robo alikuwa ameshaombwa apumzike.

Haya, mzazi mwenzangu. Mtoto wako akiitwa safari kama hiyo, epuka haya:

Usiamini neno kwa sababu umelisikia mara tatu. Uliza hao watatu wanakula kwa nani.

Usimsifu mtoto kwenye fomu. Atarudi asilingane.

Usimpe barua ya mwaliko mtu mmoja akaisome nyumbani kwake.

Usikubali kuwa mjumbe asiye na kura, hata wakikupa kazi ya chai. Lakini ukikubali, hesabu fomu.

Usipeleke kwaya bila mwalimu wake.

Usimtume mkuu wa stoo kuchunga watu.

Usiruhusu muhuri utembee mfukoni mwa mtu.

Usiwafundishe vijana kusema kweli mbele ya fomu kama wewe mwenyewe umeijaza.

Usimnyooshee mtoto kila mshono. Mmoja uache hivyohivyo.

Na akirudi, akakuangalia, akakuuliza kama umechoka, usiite kamati. Kaa kwenye kiti alichokupa, umjibu.